Msimamizi wa Kompyuta ya Mama Chapa

Mtaani walimwita Mama Chapa, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba alikuwa na jina jingine. Chumba chake cha mbele kilikuwa na mlango unaotazama barabara, na ndani mlikuwa na meza, kompyuta, printa, kiti cha mteja kilichowekewa mto ili mteja asinung'unike, na harufu ya karatasi zilizofunguliwa sasa hivi. Humo alichapa barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba za kupanga, ripoti za wanachuo na matangazo ya watu waliopotelewa na paka. Ulimi wake haukuwa na mfupa. Ukimletea barua iliyojaa "kwa heshima kubwa na taadhima", alikutazama juu ya miwani na kukuuliza kama unaomba kazi au unaomba radhi. Lakini barua ilitoka safi, na ukifika nyumbani ulikuta hata kosa lako la aibu limerekebishwa bila wewe kuambiwa.

Mumewe aliitwa Bwana Stoo. Jina hilo alilipata kiwandani, alikotunza stoo tangu ujana mpaka mvi zikamjaa kichwani. Alikuwa mtu wa haki, ila mgumu kupita kiasi. Kitu hakikutoka stoo kwake bila kipande cha karatasi chenye sahihi, hata kiwe kiberiti, hata anayekitaka awe mkurugenzi mwenyewe. Mama Chapa alimjulia hapo hapo, kwenye dirisha la stoo. Wakati huo alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya juu, msichana mwenye haraka zake, na utepe wa taipureta yake ulikuwa umekwisha. Akashuka kuomba mwingine.

"Karatasi?" aliuliza kijana wa dirishani.

Akapanda ngazi, akarudi na karatasi.

"Sahihi?"

Akapanda tena, akarudi na sahihi ya mkubwa wake.

"Umeandika utepe. Tepe ngapi? Rangi gani?"

Hapo msichana alitamani kuvua kiatu amrushie. Akanyakua kalamu, akaandika pale pale mbele yake, kwa mwandiko wa hasira: utepe mmoja mweusi. Kijana akasoma polepole, akatabasamu, akamkabidhi utepe wake, na jioni akamsubiri getini ili amwombe msamaha. Kuombana msamaha huko kuliwachukua maisha mazima.

Kompyuta iliingia nyumbani mwao baadaye sana, watoto wakiwa wameshakua na taipureta zimeshageuka mapambo. Mama Chapa aliipenda siku ile ile. Akaipenda hadi siku alipofungua faili alilotumiwa na mtu asiyemjua, na kabla hajameza mate, kazi zake zote zikageuka makorokoro yasiyosomeka. Ripoti za watu, mikataba, barua, vyote. Alilia mpaka sauti ikakauka. Wateja walikuja, wakasimama mlangoni, wakaondoka kimya kama wanaotoka msibani.

Bwana Stoo hakujua hata mahali pa kuiwashia kompyuta. Lakini alipomwona mkewe analia vile, alivaa viatu akaenda kwa rafiki yake aliyefanya kazi ya kompyuta, na akawa anakwenda kila jioni, anarudi kichwa kinamuuma. Mwisho akatangaza sheria mpya. Ndani ya kompyuta kutakuwa na akaunti mbili. Mkewe ni mtumiaji wa kawaida. Yeye ndiye msimamizi.

Kwa wasioyajua mambo haya, kompyuta ni kama nyumba yenye wapangaji. Mpangaji hupika, hulala, huimba bafuni apendavyo, lakini hawezi kubomoa ukuta wala kuchimba kisima bila mwenye nyumba. Basi kila Mama Chapa alipotaka kuingiza programu mpya au kugusa kitu cha ndani ndani, kilijitokeza kisanduku kumtaka aandike neno la siri la msimamizi, na bila neno hilo hakuna kilichosogea.

"Yaani mimi ndiye mwenye kazi, na wewe ndiye mwenye ruhusa?" alilalamika.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja, mama, na stoo haiwi na mabwana wawili. Uliona kilichotokea mlango ulipokuwa wazi."

"Na siku ukitangulia mbele ya haki je? Nitakufukua nikuulize neno?"

Bwana Stoo alicheka. "Stoo nzuri haikosi ufunguo wa pili. Lakini mtunza stoo mwenye akili hatangazi uko wapi."

Mkewe aliona ni majigambo yake ya kawaida, akamwachia.

Hivyo ukazaliwa mchezo wao. Kisanduku kikijitokeza, Mama Chapa aliita kwa sauti ya kufika uani: "Msimamizi!" Bwana Stoo aliacha maua yake aliyoyapanda kwenye makopo ya rangi, akaja anajifuta udongo kwenye suruali, kifua mbele kama anakwenda kupokea mzigo wa lori zima. "Geukia ukutani, mama," alisema. Mama Chapa alizungusha kiti na kutazama ukuta, penye kalenda iliyokwisha muda wake zamani na ambayo hawakuitupa kwa sababu ya picha yake ya maporomoko ya maji. Nyuma yake vitufe vikalia. Kisha: "Haya, geuka. Stoo iko wazi." Kama alikuwapo mteja, aliangua kicheko. Wengine walikuja na kazi ndogo tu ili wauone mchezo huo.

Sasa, siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mama Chapa alilijua neno la siri. Alilijua karibu tangu mwanzo, tena bila kuchungulia. Mtu aliyepiga chapa maisha yake yote anasikia kibodi jinsi mama anavyosikia kilio cha mwanawe. Kitufe kirefu cha nafasi kina mlio wake mpana, na Bwana Stoo alikuwa akikibamiza kweli kweli. Basi alisikia neno fupi, halafu nafasi. Neno jingine, lililoanza kwa kitufe kile kile kugongwa mara mbili haraka, halafu nafasi. Kisha neno la mwisho na kishindo cha kumalizia. Ukutani pale, macho yakiwa kwenye maporomoko ya maji, siku moja yalimjia yote matatu kwa pamoja: utepe mmoja mweusi. Alibana midomo asicheke. Halafu hakutaka kucheka tena, maana mzee alikuwa ameyatunza maneno yale miaka yote.

Hakumwambia. Angemwambia, angelibadilisha, na yeye hakutaka libadilike. Tena kulikuwa na jambo jingine. Tangu mumewe astaafu, hakuna mtu duniani aliyemwita kwa haraka isipokuwa yeye. Wakubwa wa kiwanda walishamsahau, watoto walimpigia simu kumjulia hali tu. Lakini akiitwa Msimamizi, aliinuka kutoka kwenye makopo yake ya maua akiwa mtu anayehitajika. Kwa ajili ya hilo Mama Chapa angeutazama ukuta hadi kufa kwake.

Maradhi yalianza kama utani. Bwana Stoo alitafuta miwani akiwa ameivaa, wakacheka. Alitia chumvi kwenye chai, wakacheka kidogo. Kisha siku moja alitoka dukani, akaingia nyumba ya jirani, akavua viatu, akaketi na kuuliza chakula kiko wapi. Hapo hakuna aliyecheka. Daktari aliyapa maradhi jina refu na akasema hayarudi nyuma.

Baada ya hapo vitu vilianza kumtoka mkononi kimoja kimoja. Pikipiki iliuzwa. Jiko la gesi akakatazwa kuligusa. Ufunguo wa geti ukahamia kwenye kamba shingoni mwa mkewe, na vidonge vyake mwenyewe akawa anapewa kwenye kiganja kama mtoto. Kila alichonyang'anywa kiliondolewa kwa upendo, na hilo ndilo lililouma, maana hakuwapo wa kugombezwa. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Alikuwa bado msimamizi wa kompyuta.

Kisha na hilo nalo likaanza kuteleza. Alikuja alipoitwa, akajifuta udongo, akasema "geukia ukutani", na mkewe akasikia vitufe vinavyolia vibaya. Nafasi zilikuja mahali pasipo pake. Mwanzoni Mama Chapa alifanya ujanja: mzee akikosea na kutoka kwenda kutafuta miwani, yeye aliandika neno upesi, kisha akapaza sauti, "Imekubali, Msimamizi!" Lakini Bwana Stoo hakuwa kipofu. Aliyaona maandishi yanayomwambia amekosea, na alijua kwamba alitoka chumbani akiwa ameshindwa.

Siku printa ya zamani ilipokata roho, mambo yakafika pabaya. Printa mpya ilitolewa kwenye boksi, ikapangwa, ikaunganishwa, na ilipotaka kuingiziwa programu yake, kisanduku kikajitokeza. Mama Chapa akaita. Mzee akaja. Akaandika, ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Safari hii hakutoka kutafuta miwani. Aliendelea kupiga vitufe, kwa nguvu, bila mpango, mpaka Mama Chapa akageuka kabla ya kuambiwa.

"Nani kabadilisha kitasa?" mzee aliuliza. "Nani kaingia stoo kwangu?"

"Hakuna aliyeingia, mzee wangu. Ni mashine tu ina ukaidi leo."

"Mashine haina ukaidi." Aliketi kwenye kiti cha mteja, juu ya ule mto, akafunika uso kwa mikono yake yenye udongo. "Ni mimi," alisema. Akalia. Katika ndoa yao yote Mama Chapa alikuwa hajamwona akilia.

Jioni ile binti yao, mwalimu katika mji mwingine, alisimuliwa habari zote kwenye simu, au tuseme alisikiliza robo na akajibu zote. "Mama, mtoe baba kwenye hiyo kompyuta. Futa akaunti yake, jiweke wewe. Kwani kuna ugumu gani? Fungua mipangilio nikuelekeze." Akaanza kuelekeza: bofya hapa, bofya pale, jaribu kuendesha kama msimamizi. Kila mlango walioufikia, kisanduku kilikuwa kimeshasimama. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Mama Chapa alishukuru moyoni kwamba haikumuua. Angeweza kuandika lile neno dakika ile ile na kumaliza kazi. Vidole vilikuwa juu ya vitufe. Lakini alimwona mumewe kupitia mlango wa uani, ameinamia makopo yake, anamwagilia ua lililokwisha kumwagiliwa, akaondoa mikono.

"Nitamwita fundi," alimwambia binti.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye begi mgongoni na kicheko kinachotangulia mwili. Aliamkia, akaketi, akavuta kibodi, na kwa muda mfupi alishaona kila kitu.

"Mama, shida yako ndogo kabisa. Akaunti yako ni ya kawaida, na msimamizi ni mwingine. Ndiyo maana kila ukigusa inakuuliza. Neno la siri lipo?"

"Msimamizi mwenyewe yupo uani."

"Basi tumwulize."

Bwana Stoo alipoambiwa kuna mgeni anayetaka kuingia kwenye kompyuta, alisimama mlangoni, akamkagua fundi kuanzia viatu.

"Umetumwa na idara gani?"

"Sina idara, mzee. Najitegemea."

"Basi hujatumwa. Stoo haifunguliwi na mtu asiyetumwa." Akasogea karibu na kompyuta, akaweka kiganja juu yake. "Humu mna kazi za mke wangu. Ziliwahi kuharibika, akalia siku nzima. Sikumwoa nije nimtazame akilia." Kisha akarudi uani, na maneno yake yakabaki chumbani.

Fundi alikuna kichwa. "Sawa," alinong'ona. "Njia haikosekani. Nina flashi hapa, naiwasha kompyuta kwa kupitia mlango wa nyuma, nafuta lile neno la siri, naweka jingine. Mzee hatajua."

"Usinong'one, mwanangu, haibi mtu hapa," Mama Chapa alisema. Akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. "Neno la siri ninalo."

"Unalo?"

"Ninalo miaka nenda miaka rudi."

Fundi alimtazama mwanamke huyu, akaitazama kompyuta, akalitazama begi lake. "Sasa mama, kama ufunguo unao mfukoni, mimi nimeitiwa nini?"

Mama Chapa alimweleza. Alimweleza wito, ukuta, kalenda, na udongo kwenye suruali. Alimweleza pikipiki na ufunguo wa geti. "Nikiliandika mimi, kazi yangu itakwenda," alisema. "Lakini nitamwita kwa kazi gani? Ameshaachishwa kila kitu. Hii ndiyo kazi yake ya mwisho, na mimi ndiye mwajiri wake. Simwachishi. Nataka aendelee kunipa ruhusa, ila isimwulize tena kile asichokikumbuka. Kama ufundi wako unaliweza hilo, liweze. Kama hauliwezi, funga begi lako tunywe chai."

Fundi alilisukuma begi lake kando. Kisha akacheka, lakini taratibu.

"Mama, linawezekana, tena bila uchawi. Sikiliza. Akaunti ya kawaida inaulizwa neno la siri kwa sababu haina mamlaka. Nikiipa akaunti yako mamlaka ya msimamizi, kisanduku kitaendelea kujitokeza vile vile, lakini hakitauliza neno. Kitauliza tu: unaruhusu? Ndiyo au Hapana. Basi. Mzee atabofya Ndiyo."

"Na yeye? Utamwondoa?"

"Simwondoi. Anabaki msimamizi vile vile. Mnakuwa wawili." Akainua kidole. "Lakini nikwambie ukweli wa kazi yangu. Huwa namshauri mtu afanye kazi zake za kila siku kwenye akaunti ya kawaida, kama alivyopanga mzee. Alipanga vizuri kuliko wasomi wengi. Ukiwa na mamlaka na kidole chepesi, utarudi kwenye kilio kile kile."

"Sitabofya Ndiyo hata siku moja," Mama Chapa alisema. "Atabofya yeye. Na kazi zangu nitaziwekea nakala pembeni. Nyoka yule hataniuma mara mbili."

"Basi tumekubaliana. Ila kuna kitu kimoja." Fundi alisogeza kiti nyuma na kuiachia kibodi. "Ili nibadilishe aina ya akaunti, leo lazima neno la siri liandikwe. Mara hii tu. Liandike."

Mama Chapa aliweka vidole juu ya vitufe. Neno lilikuwa pale pale kwenye ncha zake. Uani, kopo la kumwagilia liligonga sakafu. Akainuka.

"Siwezi kuingia stoo kwa mtu akiwa hai, kisa hanioni," alisema, akatoka.

Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mama Chapa akaketi kando yake. Fundi aliwaona kutoka chumbani, akajishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Msimamizi, nina ombi."

"Karatasi?" alisema Bwana Stoo. Neno lilimtoka lenyewe, bila kufikiri.

Mama Chapa aliinuka. Alirudi chumbani, akachomoa karatasi kwenye boksi la printa mpya, akaandika kwa kalamu, akatoka nayo. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Ilisema: Naomba ruhusa ya kuandika neno la siri mimi mwenyewe.

"Sahihi?"

Akatia sahihi juu ya goti la mumewe, kwa kukosa meza.

Mzee alisoma tena, midomo ikicheza. Halafu akainua macho, na macho yale siku hiyo yalikuwa yake mwenyewe, mazima, kama ya kijana wa dirishani.

"Kwa hiyo unalijua."

"Nalijua." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyopenda. "Sikuchungulia hata siku moja. Nilikuwa nasikia tu. Nisamehe, mzee wangu, nilijifanya sijui."

Bwana Stoo aliguna. "Mpiga chapa gani asiyesikia mashine?" alisema. "Wewe unadhani kwa nini nilikuwa nabamiza vile? Mimi nina vidole vya chuma?" Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Nilikwambia stoo haikosi ufunguo wa pili. Nilikuwa nakupa kila siku, kidogo kidogo. Nikasema, siku nikiwa sipo, asihangaike."

Mama Chapa aliufunika mdomo kwa kiganja. Miaka yote ile alidhani yeye ndiye anayemtunzia heshima.

"Ila niambie kitu," mzee alisema, na sasa alikuwa anaona haya. "Ni neno gani? Limenitoroka."

Akamsogelea sikioni, kama watoto wanaogawana siri, akamwambia. Bwana Stoo alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Nilikusumbua siku ile."

"Ulinisumbua kweli kweli. Nilikaribia kukupiga na kiatu."

"Nilitaka upande ngazi na kushuka tena. Nikuone ukirudi." Akaomba kalamu, akatia sahihi yake chini ya sahihi ya mkewe, kubwa, yenye mkia, ile ile iliyowahi kuwakera wakurugenzi. "Nenda. Umeidhinishwa."

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Mama Chapa aliandika neno la siri kwa mkono wake, kwa mara ya kwanza bila kujificha, na kila kitufe alikigonga kwa nguvu. Fundi akabadilisha akaunti, akaitoka, akaiingia upya, akaangalia kama kazi zote zipo salama, akamwonyesha jinsi ya kuweka nakala. Programu ya printa akaiacha makusudi. "Hiyo si yangu," alisema, akaanza kukusanya vitu vyake, lakini hakuwa na haraka ya kuondoka.

Jua lilikuwa limeshasogea mpaka kwenye miguu ya meza Mama Chapa alipobofya. Kisanduku kikajitokeza. Hakikuwa na mahali pa kuandika. Kilikuwa na Ndiyo na Hapana tu.

Akavuta pumzi. "Msimamizi!"

Huko uani zikasikika hatua. Bwana Stoo alikuja anajifuta udongo kwenye suruali, na Mama Chapa alipomtazama usoni alitambua kwamba ile karatasi na ngazi ya mlango vilikuwa vimeshakwenda. Hakukumbuka. Alimtazama fundi kwa adabu, kama mtu anayekutana na mgeni kwa mara ya kwanza, akamsalimu kwa kichwa. Kisha akasogea kwenye kompyuta, kifua mbele.

"Geukia ukutani, mama."

Akazungusha kiti. Kalenda ilikuwa pale, na maji yake yakianguka. Alingoja mlio wa vitufe kwa mazoea, na haukuja. Alimsikia mumewe akipumua.

"Mama," mzee alisema, kwa wasiwasi. "Leo mbona hawaniulizi neno?"

Mama Chapa hakugeuka. "Siku hizi wanakujua, Msimamizi," aliuambia ukuta. "Hawana haja ya kukuuliza. Wanasubiri tu useme ndiyo."

"Wananijua?"

"Wanakujua sana."

Alimsikia akilifikiria jambo hilo. Alimsikia akivuta kiti. Kisha ukasikika mlio mdogo mmoja, na mezani printa mpya ikaanza kunguruma, ikajinyoosha, ikavuta karatasi yake ya kwanza.

"Haya, geuka," alisema Bwana Stoo. "Stoo iko wazi."

Mama Chapa alibaki anatazama kalenda. Fundi, mlangoni na begi lake, alikuwa ameinamia kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Mama, geuka basi. Nimeshakufungulia."

"Nakuja, mzee wangu," alisema. "Nipe dakika moja."